Hodi Kabla ya Kuingia: Siku Saba kutoka Kinondo hadi Lamu

Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha pili walete vitu vya kale kutoka nyumbani. Shule ilikuwa imetupa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, tukifanye makumbusho madogo. Vikaja vinu, vibuyu, mbuzi ya nazi yenye meno yaliyolika, senti za mkoloni zenye tundu katikati. Mvulana mmoja akaja na koma, mti wa kumkumbuka marehemu, wa urefu wa mkono, umechongwa kichwa cha duara na kufungwa kitambaa chekundu. Nilifurahi sana. Nikaisimamisha dirishani penye mwanga.

Siku ya tatu bibi yake alifika langoni, akapiga hodi. Hakupandisha sauti. Alisema baba mkwe wake amekuwa akimjia usiku akiuliza kwa nini amehamishwa.

Nilimrudishia koma mkononi nikamwomba radhi, naye akaipokea kama mtu anavyopokea mtoto aliyelala. Tangu hapo chumba kile sikukigusa. Likizo ilipofika nikaamua kuifuata pwani yetu kutoka kusini hadi kaskazini, nione vitu vyetu vimewekwa wapi, vimewekwa na nani, na mwenye kitu akitaka kukiona anapitia mlango gani. Haya ni ya daftari langu.

Siku ya kwanza: Kinondo

Nilivuka feri ya Likoni alfajiri, matatu hadi Ukunda, kisha bodaboda. Tulipita Diani, hoteli zikifuatana upande wa bahari, ukuta baada ya ukuta, mpaka kuta zikaisha na miti ikaanza. Kaya Kinondo ni msitu mdogo. Ukiwa na haraka utaupita ukidhani ni kichaka tu kilichosahaulika.

Kijana wa Kidigo anayeongoza wageni alinipa kaniki nijifunge kiunoni. Nikavua kofia ya jua. Akanieleza masharti: usichume jani, usiokote kijiti, usipige kelele, wapenzi wasishikane ovyo, na kuna mahali sitapiga picha hata nikibembeleza. Halafu akasimama penye njia inapoingia msituni, akageuka kuwaelekea wale asiowaona, akawapigia hodi kwa Kidigo. Tukasubiri. Sikuwahi kusubiri namna ile mbele ya miti. Alipoona imetosha, tukaingia.

Humo ndani hakuna ubao wenye maandishi. Kuna shina ambalo watu hulikumbatia na kulieleza shida zao, kuna majani ya tumbo, majani ya mtoto anayeshtuka usingizini, na mahali ambapo kijana alishusha sauti na kuharakisha hatua bila kueleza. Sikuuliza. Kaya zilikuwa miji ya Wamijikenda yenye boma la miti, na katikati ya kaya huzikwa fingo, kinga ya mji, ambayo mahali pake hapaonyeshwi kila anayekuja. Nilijikuta nikikifikiria chumba changu na dirisha lake lenye mwanga. Nilikuwa nimedhani kazi ya makumbusho ni kuonyesha. Hapa kuna hazina ambayo nusu ya utunzaji wake ni kutoonyesha.

Mzee mmoja wa kaya alitukuta tukitoka. Tulizungumza juu ya miaka ambayo viwanja vya ufukweni vilipopanda thamani na misitu hii ikaanza kumegwa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani mwaka 1992, na mwaka huohuo kaya za kwanza zikatangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 misitu kadhaa ya kaya, iliyotawanyika kwa takriban kilomita 200, ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata UNESCO ikaziweka mila zenyewe kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mzee aliyasikiliza yote haya kwa adabu. Kisha akasema kilichoulinda msitu miaka yote ile ni hofu na heshima, na karatasi imekuja kusaidia mahali hofu ilipopungua.

Ninapenda alivyoipa karatasi nafasi yake, akaiita msaidizi.

Siku ya pili: Mombasa

Ngome ya Yesu naijua kama nyumba ya shangazi, maana kila mwaka huleta wanafunzi. Leo niliingia peke yangu.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yakaizingira, na mzingiro ukadumu karibu miaka mitatu. Jambo ambalo huwakalisha kimya wanafunzi wangu ni kwamba Wareno walipomalizwa na maradhi, mwaka 1697, ulinzi wa ngome uliongozwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza, na waliobaki ndani wakifa njaa wengi wao walikuwa watu wa pwani hii, wanawake kwa wanaume. Ukisema “vita vya Wareno na Waarabu” unakuwa umewafuta hao.

Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Wanaisimu wanatuambia kwamba neno letu gereza lilizaliwa na igreja ya Kireno, maana yake kanisa. Likatoka kwenye kanisa likahamia kwenye ngome, likatoka kwenye ngome likabaki kwa jela. Historia nzima ya jengo hili imekaa ndani ya neno moja tunalolisema kila siku bila kujua.

Nilikaa muda mrefu mbele ya ile plasta waliyochora askari wa Kireno, merikebu na watu, michoro ya watu waliokuwa wakisubiri. Nikapita vitu vilivyotolewa baharini kwenye Santo António de Tanná, merikebu iliyozama chini ya ngome mwaka 1697. Vyote vimetunzwa vizuri na ninashukuru. Ila wanafunzi wangu wakifika hapa, swali lao la kwanza halihusu merikebu. Huuliza wafungwa walilala wapi. Wapo wenye babu aliyewahi kufungwa, na wapo ambao familia zao bado zinalitaja hili jengo kwa kupunguza sauti. Hao wana haki ya kupata kona yao ndani ya hizi kuta, na kona hiyo haiwezi kuandikwa na mtaalamu peke yake. Aiandike akiwa ameketi barazani kwao.

Kwenye kaya mgeni ndiye aliyebisha hodi. Hapa kuna dirisha la tiketi, na mjukuu wa mfungwa hupanga foleni moja na mtalii, ingawa raia hulipa ada ya chini. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini jengo lililojengwa ili wenyeji wasiingie linahitaji juhudi ya makusudi ili wenyeji walione la kwao, hata milango ikiwa wazi.

Siku ya tatu: Rabai

Matatu ya Mazeras, kisha kupanda. Hewa ilibadilika, minazi ikaongezeka.

Mmishonari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844; mkewe na mtoto wao mchanga wakafariki mwaka uleule. Mwenzake Rebmann alipomfuata mwaka 1846, wakaanzisha misheni hapa Rabai, na leo jengo la kanisa lao la zamani ni makumbusho. Huku pia ndiko walikokaa watumwa waliokombolewa. Mama mmoja niliyekutana naye kwenye kivuli cha mwembe aliniambia nyanya wa nyanya yake aliletwa hapa akiwa mtoto, na jina la kwao alikotoka halijulikani tena. “Jina la kanisa tunalo,” akasema. “La kule hatuna.”

Kaya za Warabai, zikiwemo Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, ziko mwendo mfupi kutoka hapo. Zilikuwepo muda mrefu kabla ya misheni. Kwenda misheni nilikuwa na barabara. Kwenda kaya nilihitaji mtu wa kuniombea ruhusa, na wazee siku hiyo walikuwa na msiba. Nikaaga nikaondoka. Sikusikitika, kwa kweli. Makumbusho yanayofungwa kwa sababu wenyewe wamefiwa yana wenyewe.

Siku ya nne: bara ya Kaloleni

Hii ndiyo siku niliyoiogopa. Rafiki yangu anayefundisha huku alinipeleka kwa mzee wa Kigiriama ambaye nyumbani kwake vigango, miti ya kuchonga ya kuwakumbuka marehemu, bado vinasimama. Nilibeba sukari, majani ya chai na tumbako. Tulipiga hodi mbali, kabla ya kufika uani, tukaketi tulipoelekezwa.

Vigango vilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, vikielemea upande mmoja kama wazee wanaozungumza. Mti wake ni muhuhu, ambao mchwa huuchoka. Kila kimoja kimechongwa pembetatu ndogondogo kuanzia shingoni kushuka, na kichwa cha bapa. Mtu wa kawaida akifa huchongewa koma fupi. Kigango ni cha aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo.

Nilimweleza mzee habari za koma niliyoiweka dirishani. Sikuficha kitu. Alinyamaza, akavuta tumbako.

“Mwalimu, wewe ukilala unaota?”

“Naota, mzee.”

“Basi njia wanayopitia unaijua.”

Akanifafanulia kwa utulivu. Marehemu huwajia walio hai ndotoni, analalamika baridi, au njaa, au kwamba amesahauliwa. Familia inahangaika, mtoto haponi, kazi haziendi. Ndipo anachongewa. Akishasimamishwa, hahamishwi. Jamaa wakihama makazi wanamwacha hapohapo, na wakimhitaji kule waendako watachonga kingine. Na kikianza kuoza?

“Kimeoza. Amepumzika.”

Niliyaandika maneno hayo mawili na kuyapigia mstari. Taaluma nzima ya kuhifadhi, dawa za mchwa, vyumba vyenye baridi iliyopimwa, imesimama juu ya imani kwamba kitu kikioza kimepotea. Mzee ananiambia kikioza kimetimia. Huwezi kuwasuluhisha hawa wawili kwa kuandika maelezo mazuri chini ya kioo. Mmoja lazima amwachie mwenzake nafasi, na kwa kigango najua ni nani anayepaswa kusogea.

Lakini wapo wasiosogea. Vigango hapa vilikuwa vitano, sasa ni vitatu. Viwili viliondoka usiku, miaka mingi iliyopita. Tangu miaka ya 1980 wizi huu ulishamiri, kwa sababu mti wa kaburi la mtu uligeuka sanaa katika maduka ya watalii, na kutoka hapo ukavuka bahari. Mamia yaliishia kwa wakusanyaji na katika makumbusho ya Marekani.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwaka 1985. Mtafiti Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa huku akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka ikapita, kimoja kikatambuliwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia. Ile picha ndiyo iliyokuwa shahidi. Mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwenye boma vilikotoka. Baadaye makumbusho ya Denver nayo yakakubali kurudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Hivyo 30, tofauti na vile viwili, havikuwa na picha wala jina la boma. Vimerudi nchini, ila kwa nani hasa?

Mzee alijua kisa cha picha. Akaniuliza kama simu yangu ina kamera nzuri. Nikasema inayo, lakini nisingethubutu kuomba.

“Piga. Ila moja uichapishe uniletee, ikae ndani na vyeti vya watoto.”

Nikapiga nikiwa nimepiga magoti. Na hapo nikaona kazi moja ambayo makumbusho yangeweza kuifanya huku bila kubeba hata kibanzi: kuzunguka boma kwa boma, kwa ruhusa, kupiga picha, kuandika jina la marehemu na la familia kama wenyewe wakiridhia, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine ifungiwe salama. Siku kigango kikitokea kwenye mnada ng'ambo, mwenye boma ana cha kuonyesha.

Tulipokuwa tunaaga mzee alitueleza kwamba mwanawe aliye mjini anataka vijengewe kizimba cha chuma, ameshaulizia bei ya nondo. Yeye hataki.

“Baba yangu hakuiba hata kuku wa mtu. Nimfunge kwa kosa gani?”

Sikuwa na jibu. Kijana naye anasema kweli, wezi wapo.

Siku ya tano: Gede

Niliamka nimechoka moyo, na Gede ikanipumzisha. Mji wa mawe ya matumbawe katikati ya msitu, misikiti, jumba la mfalme, makaburi ya mnara, na lile kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Mwaka 2024 Gede ikaingia Urithi wa Dunia. Nyani walikuwa wengi kuliko watu.

Nilichokuja kukitazama hasa ni Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 ndani ya viwanja hivihivi vya makumbusho. Karibu na hapa uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wa takriban kilomita 420 za mraba, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki. Wakati huo wakazi wengi wa pembeni mwa msitu walitaka ukatwe wapate mashamba, na ukiwa na watoto sita na tembo wanaoingia shambani kwako, utawaelewa. Mradi ukawapa kazi ya kufuga vipepeo. Unanasa majike wachache msituni, wanataga, unalisha viwavi majani ya mti wao maalumu, na wakifikia hatua ya pupa unawaleta Gede. Pupa hupakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye majumba ya vipepeo ya Ulaya na Marekani. Lazima wafike kabla hawajatoka ganda.

Nilimkuta mama mmoja akiwa kwenye foleni na ndoo ya plastiki, ndani yake majani na pupa zilizopangwa kwa utaratibu kama mayai. Alizitaja aina zake moja moja, kwa majina ya kisayansi, bila kusita, na akacheka aliponiona nimeduwaa. Msomi ni yeye. Kila aina anaijua inakula nini, inachukua siku ngapi, ipi inaogopa mvua. Nilimuuliza kama huwa anaingia kutazama magofu. Akasema huingia na wanawe siku za sherehe, na mmoja anataka kuwa mwongoza wageni. “Hapa ndipo ada yao ya shule inapotoka, mwalimu. Watapasahauje?”

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makumbusho mengi yamepata wageni, na mwenyeji akabaki kuuza maji ya chupa nje ya lango. Huyu mama haingii Gede kwa hisani. Anaingia na ndoo, ana shughuli, anasubiriwa. Nimekuwa nikifikiria huduma kwa jamii kama siku maalumu ya ngoma, watoto wakivaa mahando, zile sketi za asili, na viongozi wakihutubia. Ngoma ni nzuri, ila siku inayofuata nani ana sababu ya kurudi?

Siku ya sita: njiani

Basi la Lamu liliondoka Malindi mapema. Barabara ndefu, vizuizi vya polisi, vitambulisho mkononi. Abiria wengi walilala.

Tulipofika Garsen na kuvuka Mto Tana nikaacha kusoma nikatazama maji. Hii ni nchi ya Wapokomo. Mwaka 1902 maafisa wa kikoloni walichukua Ngadji, ngoma yao takatifu, ile ambayo sauti yake ilikuwa ndiyo sauti ya mamlaka. Iliingia British Museum mwaka 1908, na imekuwa stoo. Wapokomo wameiomba. Sheria ya makumbusho yale, ya mwaka 1963, inawafunga wasimamizi wasitoe vitu ila kwa sababu chache sana. Kwa hiyo ngoma iliyotengenezwa isikike mtoni hapa imekaa kimya miaka zaidi ya mia moja katika mji wa watu wengine, na wageni wa jumba lile hawaioni pia. Hakuna anayefaidi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata kuchukuliwa kwenyewe.

Mwaka 2021 nilikuwa Nairobi nikaona maonyesho ya mradi uliokuwa umeorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje, zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Waliweka makabati ya vioo yaliyo matupu. Nakumbuka nilisimama mbele ya kabati moja nikaona uso wangu kwenye kioo. Wakati ule nililia kwa ajili ya vitu. Leo ndani ya basi, baada ya mzee wa Kaloleni na mama wa ndoo, ninajiuliza pia habari za makabati. Vitu hivyo 32,000 vikirudi kesho, ni vingapi vinavyotaka kukaa kwenye kioo? Vingine vitataka kupigwa. Vingine kuzikwa. Vingine vitataka familia moja tu ivione. Orodha ya vitu imeanza, na inabidi orodha ya masharti ya kila kitu iandikwe pembeni yake, na hiyo wataijaza watu wa mtoni na wa bomani.

Tulifika Mokowe jioni. Boti ikatuvusha.

Siku ya saba: Lamu

Asubuhi nilikwenda kwenye makumbusho yaliyo mbele ya bahari, katika nyumba ambayo zamani walikaa maafisa wa Kiingereza. Siwa, baragumu kubwa za heshima, zipo, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu kutoka Pate, ambayo ni ndefu kupita kimo cha mtu. Siwa ilipulizwa harusini kwa waungwana na mfalme anapotawazwa. Hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi: nikafunga macho nikajaribu kuisikia. Ukiwa Mpwani utaelewa.

Kisha ngomeni. Ilimalizika kujengwa mwaka 1821, nayo ilikuwa jela, mpaka 1984. Leo ndani kuna maktaba, na watoto wamejazana wakifanya kazi za shule, viatu vimepangwa, mmoja amelalia kitabu. Nje, kwenye uwanja wa Mkunguni, wazee wako kwenye bao. Hakuna aliyekuja “kutembelea makumbusho”. Wamekuja kusoma, kukutana, kukimbia jua. Nilikaa ngazini saa nzima, sikuandika chochote.

Alasiri nilipitia Nyumba ya Kiswahili. Ni nyumba ya zamani iliyorudishwa ilivyokuwa: zidaka ukutani, vyumba viitwavyo msana na ndani, birika la maji ambamo zamani walifuga visamaki vile vya kula viluwiluwi vya mbu. Kulikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake aliyetoka Nairobi, msichana wa miaka kumi hivi. Msichana alinyoosha kidole kwenye kifumbu, akauliza kama ni soksi.

“Ndoo hapa, mwanangu,” bibi akasema kwa Kiamu, yaani njoo.

Akafungua mkoba wake, akatoa leso, akaikunja ikawa kama kifumbu, akaonyesha kwa mikono mitupu: unatia nazi, unatia mayi, unasokota hivi, tui la kwanza hili la nini, la pili la nini. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe. Akaendelea na wimbo waliokuwa wakiimba yeye na dada zake uani wakati wa kukuna, akasita kwenye ubeti wa tatu, akaurudia, akaupata. Kijana anayeangalia nyumba alikuwa amesogea. Aliomba radhi, akauliza kama anaweza kuuandika. Bibi akamtazama.

“Andika. Na uandike ni wa nani. Wa wana wa mtaa wa Langoni, si wa kila mtu.”

Kijana akaandika hivyo hivyo, akamsomea, bibi akasahihisha neno moja.

Nilitoka nikaketi gatini. Boti zilikuwa zinarudi. Nikampigia simu bibi wa mwanafunzi wangu, yule aliyekuja langoni. Nilimwambia nilikokuwa na niliyoyaona, nikamwambia kwamba chumba cha shule nitakiacha na vinu na vibuyu na senti, na kwamba nisingependa koma irudi tena pale. Ila watoto hawajui koma ni nini, na mimi siwezi kuwafundisha. Je, angekuja siku moja azungumze nao? Ningemtumia nauli.

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“Mimi siji shuleni,” akasema. “Walete huku. Siku ya soko siwezi, Alhamisi ni vizuri. Waje wachache wachache, wasije wote kama nzige. Na wapige hodi wakifika kwenye mnazi ule wa kwanza, wasubiri niitike.”